Mgeni wa London, mkumbuke Otenyo

Katika barza zetu hakuna mji wa Ulaya unaotajwa kama London. Aliyerudi huko huulizwa ameona nini, naye hutaja saa kubwa ya Westminster, daraja la Tower linalofunguka kupisha vyombo, na walinzi wa jumba la Buckingham wenye kofia za manyoya. Vyote hivyo vyafaa kuonwa, wala simlaumu mtu kuvitazama. Lakini msafiri atokaye kwetu Kenya, na hasa mwenye asili ya Kisii na Nyamira, ana matembezi mengine ya kufanya katika mji ule. Kiongozi wake ni mtu aliyekufa zamani, ambaye maisha yake yote aliyaishi vilimani mwa Abagusii. Mtu huyo ni Otenyo Nyamaterere.

Mimi ni mtu wa pwani, na habari za Otenyo nimezipata ukubwani, kwa kutembea bara na kukaa na wazee. Tangu hapo nimeona kwamba kisa hiki si cha Abagusii peke yao. Msomaji na anisikilize kidogo, kisha tutakwenda pamoja London.

Otenyo alikuwa mpiganaji wa Kitutu, moja ya jamaa kubwa za Abagusii. Alikua katika zama ambazo mali ilikuwa ng'ombe, na vijana wakilala kwenye kambi za mifugo ziitwazo ebisarate, mkuki ubavuni, wakilinda mali ya baba zao. Tayari walikuwa wakisimuliwa habari za Sakawa, mbashiri mkubwa, ambaye mapokeo yanasema aliagua kuja kwa wageni na akaonyesha kwamba makao yao yatakuwa pale Getembe, ndipo mji wa Kisii ulipo leo.

Wageni wakaja kweli. Mwaka 1905 serikali ya Waingereza ilipeleka askari wa King's African Rifles na polisi, wakiwa na bunduki ya mzinga wa Maxim, na watu wa Kitutu waliowakabili kwa mikuki na ngao waliuawa kwa wingi, na ng'ombe wao wakaswagwa. Mwaka 1907 ikafunguliwa ofisi ya serikali Getembe, na msimamizi wake akawa kijana wa miaka 26, Geoffry Northcote, ambaye Abagusii walimpa jina la Nyarigoti. Kodi ikadaiwa, amri zikatoka, na aliyekuwa bwana shambani kwake akajikuta anaamrishwa.

Hapo ndipo anapoingia mwanamke mmoja, Moraa wa Ngiti, mganga na mbashiri wa Kitutu. Wazee husimulia kuwa ndiye aliyekuwa mlezi wa Otenyo, na kwamba aliwakemea vijana kwa kukaa kimya ilhali nchi inachukuliwa. Otenyo aliyasikia maneno hayo na yakamkaa. Januari 1908 alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Jeraha lilikuwa baya, lakini Northcote hakufa.

Malipo ya mkuki ule mmoja yalikuwa makubwa kupita kiasi. Jeshi lilirudi, nyumba zikachomwa, mazao yakateketezwa, maelfu ya ng'ombe wakatwaliwa, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Otenyo mwenyewe alikamatwa. Mapokeo ya Abagusii yanasema kwamba alipigwa risasi hadharani, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa London, na kiwiliwili kikaachwa bila kichwa. Wazee niliowasikiliza hawalielezi jambo hili kama ngano. Hulieleza kama mtu aelezavyo deni.

Na Northcote je? Huyo alipona, akapanda vyeo. Alikuwa Gavana wa British Guiana tangu 1935, kisha Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, akapewa heshima ya kuitwa Sir, na akafariki mwaka 1948. Waliokutana njiani siku ile ya Januari walikuwa wanaume wawili. Wa kwanza aliishi miaka mingine 40 na jina lake likatiwa katika orodha za magavana. Wa pili, watu wake hadi leo wanauliza kichwa chake kiko wapi.

Sasa twende London.

Kwanza nenda Westminster Abbey. Kuingia ni kwa malipo, lakini lipa. Katikati ya ukumbi mkubwa, sakafuni, utaliona jiwe la kaburi la David Livingstone. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, Mei 1873. Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa takriban miezi tisa, zaidi ya kilomita 1500, hadi Bagamoyo, ili azikwe kwao. Alizikwa hapo Aprili 1874. Simama juu ya jiwe lile ufikiri. Waafrika walimchukua maiti mgeni, kwa njaa na maradhi, wakamfikisha kwa jamaa zake kama amana. Hakuna serikali iliyowaamuru. Walijua tu kwamba maiti ana haki ya kurudi kwao.

Ukitoka hapo, vuka barabara hadi uwanja wa Bunge. Ipo sanamu ya Winston Churchill, iliyowekwa mwaka 1973, amevaa koti zito na kushika mkongojo. Wengi hupiga picha wakaenda zao. Wewe kumbuka kuwa Oktoba 1907 mtu huyu alishuka Mombasa kwetu, akiwa naibu wa waziri wa Makoloni, akapanda reli kwenda bara. Miezi michache baadaye, taarifa za vita vya Kisii zikamfikia mezani. Hazikumpendeza. Aliandika kwamba mambo yale yalifanana na machinjo, akahoji haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile, na akahofu Bunge litasema nini likipata habari. Basi hata bwana mkubwa wa dola alistuka. Hata hivyo, tuweke mizani sawa: katika hofu yake, lawama ya Bunge ilikuwa na uzito wake kando ya damu ya Kitutu.

Meza yenyewe haiko mbali. Fuata barabara ya Whitehall hadi pembe ya Downing Street. Jengo kubwa la mawe unaloliona, ambalo sasa ni la wizara ya Mambo ya Nje, ndimo zilimokuwa ofisi za Makoloni wakati huo. Huruhusiwi kuingia hivi hivi, lakini kusimama nje hakuna kodi.

Kisha tembea kupitia Trafalgar Square hadi Jumba la Makumbusho la Uingereza, mtaa wa Great Russell. Lilianzishwa mwaka 1753, na kuingia ni bure. Humo utaona shaba za Benin, zilizochukuliwa baada ya mji ule kutekwa mwaka 1897, na vitu vya Maqdala kutoka Ethiopia. Usikitafute kichwa cha Otenyo kwenye makabati ya vioo, maana hukioni. Litazame jumba ukiwa na swali moja: vitu vya watu hufikaje mbali na watu wenyewe?

Na hapo pana jambo ambalo mgeni apaswa kulijua. Sheria ya mwaka 1963 inalizuia jumba hilo kutoa mali yake, lakini sheria nyingine ya Uingereza ya mwaka 2004, inayohusu viungo vya binadamu, imeyapa makumbusho tisa ya taifa idhini ya kurudisha mabaki ya watu waliokufa ndani ya miaka 1000. Jumba la Historia ya Viumbe, huko South Kensington, lilirudisha mabaki ya wenyeji wa Tasmania mwaka 2007. Hivyo mtu asituambie kwamba mlango umefungwa. Kabla ya hapo majirani zetu wa Tanganyika walilipokea fuvu la Mtwa Mkwawa kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 56 baada ya kufa kwake, nalo likawekwa Kalenga, karibu na Iringa.

Siku ya mwisho panda treni ya District hadi Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Watalii hukimbilia bustani ya maua iliyo jirani. Wewe chukua kadi ya msomaji, ambayo ni bure, uombe majalada ya ofisi ya Makoloni kuhusu Afrika ya Mashariki ya mwaka 1908. Maandishi hayo yaliandikwa na upande mmoja wa mkuki, lakini hata mwenye kuandika kwa kujitetea huacha alama za nyayo. Wasomi wetu vijana wanaokwenda Uingereza kila mwaka, wengine watoto wa Kitutu na Mugirango, nawaomba waitenge siku hii moja.

Na waliobaki nyumbani wana kazi pia. Wazee waliolipokea kisa hiki kutoka kwa baba zao wanapungua Manga na Nyamira kila msimu wa mvua. Jalada la Kew halitakwenda popote, lakini mzee hangoji. Kijana mwenye kalamu na akaketi naye mapema, aandike nani alisema nini, kwa jina na kwa ukoo. Siku barua ya kudai itakapoandikwa, itahitaji pande zote mbili: karatasi ya London na kauli ya Kitutu.