Heike Kamerlingh Onnes: Mwalimu Aliyeipima Baridi

Heike Kamerlingh Onnes alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 katika mji wa Groningen, Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vigae. Walimu wa Fizikia, wanapomtaja, humtaja kwa sentensi moja tu: kwamba mwaka 1911 aligundua kuwa zebaki ikipozwa mno hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Sentensi hiyo ni kweli, lakini haimfai sana mwanachuo anayekwenda kufundisha katika shule ya Ruangwa isiyokuwa na maabara. Linalomfaa zaidi ni kujua mtu huyu alifikaje huko, kwa kuwa miaka mingi kabla ya ugunduzi huo Onnes alikuwa mwalimu na mjenzi wa mahali pa kujifunzia.

Alisoma Groningen, akaendelea Heidelberg kwa mabingwa Bunsen na Kirchhoff, na mwaka 1879 akapata shahada ya udaktari kwa tasnifu juu ya uthibitisho wa kuzunguka kwa dunia. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 29 na afya isiyo imara, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Tangu mwanzo alishika msimamo kwamba njia ya kufikia maarifa ni kupima, na kupima kwa uangalifu. Sisi wa Nachingwea tunayo sababu ya kulielewa wazo hilo kuliko watu wengine. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta, kabla mvua na udongo havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango huo ukaachwa, na reli iliyojengwa kutoka pwani hadi hapa ikaja kung'olewa.

Onnes hakuwa na haraka ya namna hiyo. Alitumia zaidi ya miaka kumi kujenga mitambo ya kugeuza gesi kuwa maji, mmoja baada ya mwingine. Hata alipokuwa amefanikiwa kwa oksijeni, wakuu wa mji wa Leiden walimsimamisha mwaka 1895 kwa hofu ya mlipuko. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1807 meli iliyosheheni baruti ililipuka katikati ya mji huo, na maabara yake ilikuwa karibu na pale pale. Kazi ililala kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Mwaka 1901 aliasisi shule ya mafundi wa vyombo vya sayansi. Vijana wake, waliojulikana kwa makoti yao ya buluu, walijifunza kupuliza vioo na kuchonga vyuma kwa vipimo halisi huku wakiihudumia maabara. Kwa maoni yangu hili ndilo tendo lake kubwa kuliko yote kwa mtu wa kazi ya ualimu. Wengine walinunua vyombo au walivikosa. Yeye alifundisha watu wa kuvitengeneza.

Matunda yalionekana tarehe 10 Julai 1908. Gesi ya heliamu aliipata kutokana na mchanga wa madini ya monaziti ulioletwa kutoka Marekani. (Leo tunajua kuwa heliamu ipo hata katika ardhi yetu, huko Rukwa, kama ilivyotangazwa mwaka 2016.) Kazi ilianza alfajiri chini ya usimamizi wa fundi mkuu Gerrit Flim, na hadi jioni hapakuwa na kilichoonekana chomboni. Ndipo mgeni mmoja, profesa mwenzake, aliposhauri chombo kimulikwe kutoka chini. Ukaonekana uso wa kimiminika kilichokuwa kimekwisha jikusanya bila kutambuliwa. Joto lake lilikuwa nyuzi 269 chini ya sifuri za sentigredi.

Sasa liliwezekana kujibiwa swali ambalo wataalamu walibishana juu yake: waya wa metali ukipozwa mno, ukinzani wake hufanyaje? Wengine walidhani utapungua polepole hadi kwisha. Wengine walidhani utafika kiwango fulani na kubaki hapo. Kelvin alidhani utapungua, kisha utaongezeka bila kikomo. Namshauri mwalimu asitoe jibu upesi hapa. Achukue waya mwembamba wa chuma wenye urefu wa mita moja hivi, auzungushe kama springi bila mizunguko kugusana, auunge na betri na balbu ya tochi, kisha aupashe moto. Mwanga utafifia, waya ukipoa, mwanga utarudi. Wanafunzi wakiisha kuona hivyo, waulizwe wao wenyewe kipi kitatokea waya ukizidi kupozwa.

Onnes alichagua zebaki kwa sababu huweza kusafishwa sana kwa kukenekwa. Tarehe 8 Aprili 1911 ukinzani wake haukupungua polepole wala kuongezeka: karibu na nyuzi hizo 269 ulitoweka ghafla. Aliyekuwa kwenye vyombo vya kupimia ni msaidizi wake Gilles Holst, lakini taarifa zilitoka kwa jina la Onnes peke yake, huku Holst akishukuriwa tu. Desturi ya wakati ule iliruhusu. Hata hivyo ni vigumu kuisifu.

Mwaka 1913 Onnes alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1914 alionyesha mkondo wa umeme ukizunguka kwa saa nyingi katika koili ya risasi bila betri yoyote. Ndoto yake ya kutengeneza sumaku zenye nguvu kwa njia hiyo haikutimia, maana aligundua kwamba nguvu ya sumaku yenyewe huiua hali hiyo. Alifariki Leiden tarehe 21 Februari 1926. Maelezo ya kuridhisha yalitolewa na Bardeen, Cooper na Schrieffer mwaka 1957, na sumaku alizoziota zimo leo katika mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili, zikipozwa kwa heliamu ile ile.

Mwaka 1986 Bednorz na Müller walifungua mlango mwingine kwa oksidi za shaba, ambazo atomi zake zimepangwa katika matabaka, kila atomi ya shaba ikiwa kama sumaku ndogo. Jinsi oksidi hizo zinavyopoteza ukinzani bado inabishaniwa. Mwalimu wa Ruangwa hahitaji kwenda mbali kuonyesha mfano wa matabaka. Kinywe kinachopatikana katika wilaya hiyo, ambacho pia ndicho kiini cha penseli, kimepangwa hivyo hivyo, na umeme hupita kwa urahisi zaidi kando ya matabaka kuliko kuyakata. Mwaka 1965 ilionekana kwamba kinywe kikitiwa potasiamu kati ya matabaka yake, nacho hupoteza ukinzani katika baridi kali zaidi hata ya ile ya zebaki.