Sen no Rikyū na mlango mdogo wa chai

Neno letu chai na neno la Kijapani cha yana asili moja: China. Lakini Wajapani walikifanya kinywaji hicho kuwa sanaa, wakaiita chanoyu, yaani maji ya moto ya chai. Aliyeipa sanaa hiyo sura yake ni Sen no Rikyū.

Alizaliwa mwaka 1522 katika mji wa bandari wa Sakai, katika jamaa ya wafanyabiashara. Alifundishwa na Takeno Jōō, kisha akawatumikia watawala wawili wa vita, Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi. Wakubwa wa wakati ule walijivunia vyombo vya thamani kutoka China. Rikyū alipendelea mianzi, na bakuli za udongo zilizofinyangwa kwa mkono na Chōjirō. Chumba cha Tai-an, kinachohesabiwa kuwa kazi yake, kina nafasi ya mikeka miwili tu. Mlango wake ni mdogo mno: mkubwa na mdogo huingia wakiinama, na upanga hubaki nje.

Hideyoshi, kwa upande wake, alikuwa na chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu. Mwaka 1591 alimwamuru Rikyū ajiue, naye akatii. Sababu inabishaniwa hadi leo.

Wabi, neno kuu la sanaa yake, zamani lilitaja unyonge na huzuni. Katika chai likaja kutaja uzuri wa vitu vya kawaida. Utawala wa ukoo wa Hideyoshi ulikwisha zamani. Shule tatu za wazao wa Rikyū zingali zinafundisha.