Dennis Klatt na Sauti Aliyoiachia Mashine

Kama umewahi kumsikia Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Cambridge wa kwenye kiti cha magurudumu, basi ulimsikia mtu mwingine. Ile sauti ya kibatibati, yenye lafudhi ya Kimarekani wakati mwenyewe ni Mwingereza, ilitokana na koo la mhandisi Dennis Klatt.

Klatt alizaliwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1938. Alisoma uhandisi umeme Purdue, akapata udaktari wa falsafa Michigan mwaka 1964, halafu akaenda MIT na kubaki huko. Enzi hizo mashine ya kuongea ilikuwa kitu cha maabara tu, na kuielewa ilikuwa kazi.

Jambo lenyewe si gumu. Nyuzi za sauti kooni zinatoa mvumo tu, kama nyuki mzingani. Kinachoufanya mvumo huo uwe a au i ni umbo la kinywa: ulimi ukipanda au midomo ikiviringwa, masafa fulani yanapata nguvu na mengine yanafifia. Basi ukiipa kompyuta mvumo na vichujio vya masafa hayo, huhitaji mdomo. Wazo hilo wengine walishaanza kulifanyia kazi. Klatt alilifikisha mbali. Mwaka 1980 alichapisha programu yake yote, anayetaka aichukue. Ilikuwa na vipimo karibu 40 vya kurekebisha.

Na vipimo alivipata wapi? Kooni mwake. Jirekodi, pima, linganisha, rudia, yaani miaka na miaka. Sauti ya kiume aliyoiita Paul ilitokana na yake, Betty ikatokana na ya mkewe, na Kit, ya mtoto, ikatokana na ya binti yake. Familia nzima imo ndani ya boksi! Mwaka 1984 boksi hilo lilikuwa sokoni kwa jina la DECtalk.

Sasa hapa ndipo panaponichoma. Paul akizidi kusema vizuri, Klatt alikuwa anaishiwa sauti. Saratani ya tezi ya shingo ilimwachia mkwaruzo, karibu na mnong'ono. Hakuacha kazi. Mwaka 1987 alitoa mapitio marefu ya historia ya fani yake, pamoja na rekodi za mashine za zamani kuanzia ile ya mwaka 1939. Alifariki Desemba 30, 1988, akiwa na miaka 50.

Hawking naye alipoteza sauti mwaka 1985, baada ya nimonia iliyompata Geneva na madaktari kulazimika kumtoboa koo. Mwaka uliofuata akapata programu ya kuchagua maneno kwa swichi, na kadi ya sauti iliyojengwa juu ya kazi ya Klatt. Baadaye zilikuja sauti laini zaidi, akazikataa. Ile alishaiona ni yake.

Lakini mzee wa kwetu Ntobeye, kule Ngara, akipoteza koo kwa saratani, atachagua ipi? Anaongea Kihangaza. Mashine ya Kiswahili itamfikisha zahanati na ofisi ya kata, lakini nyumbani je? Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, na katika lugha hizi urefu wa irabu na toni vinabeba maana, wakati maandishi ya kawaida hayavionyeshi. Kwa majirani zetu Rwanda, gusura ukiivuta u ya katikati ni kutembelea. Ukiikata fupi ni kujamba. Hebu fikiria mzee anamtumia mkwe salamu kwa mashine isiyojua tofauti hiyo. Klatt aliifundisha mashine Kiingereza sauti kwa sauti, akianza na koo lililokuwa bado zima. Kihangaza hakina njia ya mkato.

Kadi za Hawking nazo zilizeeka, na nyingine mpya hazikutengenezwa tena. Wahandisi wakahangaika miaka kuihamishia sauti ileile kwenye kompyuta ndogo, wakafanikiwa mwanzoni mwa 2018, Klatt akiwa ameshalala kaburini miaka 29. Machi 14 mwaka huohuo Hawking akafariki.