Fausto Coppi: Mfalme wa milima aliyeangushwa na mbu

Siku hizi vijana wengi mtaani wameingia mbio ndefu za baiskeli. Unawaona Jumapili asubuhi wakipanda kuelekea Ngong, helmeti kichwani, simu imefungwa kwenye usukani ihesabu kilomita. Kama wewe ni mmoja wao, na unaota siku moja uende Ulaya ukapambane na milima ya Alps, kuna mtu unafaa kumjua kabla hujamaliza akiba yako kwa baiskeli mpya. Anaitwa Fausto Coppi, Mwitaliano. Karibu kila kitu unachoambiwa leo kuhusu kujiandaa, yeye alikuwa akikifanya kabla babu yako hajaoa.

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919, katika kijiji cha Castellania, kaskazini mwa Italia. Familia yao ilikuwa ya wakulima. Shule haikumkaa kabisa. Alikuwa akitoroka darasa kwenda kuendesha baiskeli, na akiwa na miaka 13 aliachana nayo akaenda kufanya kazi kwa bucha katika mji wa Novi Ligure. (Sisi tulioacha chuo njiani tunamwelewa, usitucheke.) Kazi yake ilikuwa kupelekea wateja nyama kwa baiskeli. Hebu waza: kijana mwembamba, mzigo wa nyama, vilima kila upande, kila siku. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake ya kwanza, na alikuwa akilipwa. Baadaye ami yake, aliyekuwa baharia, alimsaidia na pesa za kununua baiskeli ya mashindano.

Pale buchani ndipo bahati ilipomkuta. Novi Ligure kulikuwa na mzee anaitwa Biagio Cavanna, fundi wa kukanda misuli ya waendesha baiskeli. Cavanna alikuwa kipofu. Alipoteza macho akiwa mtu mzima. Lakini vidole vyake, bana, vilikuwa vinaona. Alikuwa akikushika mapaja na mgongo na kujua kama ulilala vizuri, kama ulifanya mazoezi ama ulikuwa unamdanganya. Alipomshika Coppi alijua ameokota kitu. Kwa macho ya kawaida huyu kijana hakuwa na umbo la bingwa: miguu mirefu kama ya korongo, kifua kilichochomoza mbele, mifupa myepesi ya kuvunjika ovyo. Lakini moyo wake ulipiga polepole sana akiwa ametulia, na mapafu yake yalikuwa makubwa. Ukimtazama akitembea ungemwonea huruma. Ukimtazama akipanda mlima ungeshika kichwa.

Cavanna alimfunza nidhamu ambayo wengi wetu hatuwezi hata wiki moja. Kulala mapema. Kuamka mapema. Kilomita nyingi barabarani, mvua ama jua. Na chakula! Wakati ule wengi waliamini kwamba kabla ya mbio unajaza tumbo nyama nzito. Coppi alienda njia nyingine. Alikula vyakula vyepesi vya wanga na mboga, na akiwa barabarani alikula kidogo kidogo mara kwa mara badala ya kungoja njaa imwangushe. Leo hiyo ni sheria ya kawaida kwa kila mtu wa mbio ndefu. Siku zile wenzake walimwona kama mtu mwenye maringo.

Mwaka wa 1940 alichukuliwa na timu ya Legnano ili awe msaidizi wa Gino Bartali, staa mkubwa wa Italia. Kazi ya msaidizi unaijua: kukata upepo, kuleta maji, kumpa bosi gurudumu lake likipasuka. Bartali akaanguka mapema katika mbio za Giro d'Italia, na mtumishi akashinda mbio nzima akiwa na miaka 20. Mpaka leo hakuna kijana zaidi yake aliyewahi kushinda Giro. Mbio ziliisha Juni 9. Juni 10 Italia ikaingia Vita vya Pili vya Dunia.

Vita vilimla miaka yake bora. Alivunja rekodi ya dunia ya saa moja huko Milan mwaka wa 1942, kisha akapelekwa jeshini Afrika Kaskazini, ambako Waingereza walimkamata Tunisia mwaka wa 1943. Alirudi nyumbani 1945. Ungedhani mwili umekwisha. Mwaka uliofuata alishinda Milan–San Remo, na aliyemfuata akafika dakika 14 baadaye. Dakika 14! Huo ni muda wa kunywa chai na mandazi mawili.

Sasa nikupeleke siku moja, Juni 10, 1949, kwa sababu ukielewa siku hiyo umemwelewa Coppi. Ilikuwa hatua ya Giro kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254, na katikati milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Izoard peke yake unafika mita 2,360, karibu kimo cha Iten. Usifikirie lami laini. Sehemu kubwa ya barabara zile za juu ilikuwa mawe, vumbi, na mvua ikinyesha, matope. Baiskeli zao hazikuwa na springi wala gia nyingi kama za kwako. Inasimuliwa kwamba Coppi alikuwa bado anatia cheni yake mafuta mpanda mwingine alipochomoka mlimani mapema. Akamfuata, akampita, na tangu hapo hakuna aliyemwona tena. Aliendesha kilomita 192 akiwa peke yake. Bartali, ambaye sasa alikuwa mpinzani wake mkubwa, alifika wa pili, karibu dakika 12 nyuma.

Mwezi uliofuata akaenda Ufaransa, Tour de France yake ya kwanza. Mapema akaanguka, akabaki nyuma zaidi ya nusu saa, akataka kurudi nyumbani. Timu ilimbembeleza. Walipofika Alps akawasha moto na kushinda Tour hiyo. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kushinda Giro na Tour mwaka mmoja. Alirudia tena 1952, mwaka ambao Alpe d'Huez iliingizwa kwenye Tour kwa mara ya kwanza, naye akawa mshindi wa kwanza kileleni pale. Siku moja kabla, msaidizi wake Andrea Carrea alijikuta amevaa jezi ya manjano bila kukusudia. Jamaa alilia machozi akihofia amemkosea bosi. Coppi alimpongeza, kisha kesho yake akaichukua jezi.

Usidhani yote yalikuwa safi. Coppi alikiri hadharani kwamba alitumia vidonge vya kuchangamsha mwili, amfetamini, kama walivyofanya wengi enzi hizo kabla havijapigwa marufuku. Nakuambia ili ujue maandalizi yake hayakuwa mboga na usingizi tu.

Maisha ya nyumbani pia yalimpiga. Mwaka wa 1951 mdogo wake Serse, naye mwendesha baiskeli, alianguka Turin karibu na mwisho wa mbio, akarudi hotelini, akafa siku hiyo hiyo. Baadaye Coppi aliacha mke wake na kuishi na Giulia Occhini, aliyekuwa mke wa daktari. Italia ya wakati huo uzinzi ulikuwa kosa la jinai na talaka haikuwepo. Walifikishwa kortini, Giulia alilala jela kwa muda, na mtoto wao ikabidi azaliwe Argentina.

Desemba 1959 Coppi alikuwa na miaka 40. Nguvu zilikuwa zimeisha lakini hakutaka kushuka kwenye baiskeli. Tayari alikuwa amekubali kuendeshea timu mpya mwaka wa 1960, chini ya Bartali, yule yule mpinzani wake. Kabla ya hapo akaalikwa pamoja na mastaa wengine, kina Jacques Anquetil na rafiki yake Raphaël Géminiani, kwenda mbio za maonyesho Ouagadougou, nchi iliyoitwa Upper Volta, leo Burkina Faso. Baada ya mbio wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, mbu wakijipakulia.

Wewe msomaji wangu ulikulia huku. Homa ikikushika baada ya safari ya Kisumu ama Malindi, swali la kwanza la nesi ni kama umepimwa malaria. Anakutoboa kidole, na unapata jibu kabla hujamaliza kupiga story na jirani kwenye benchi. Kule Ulaya wagonjwa walikuwa wawili. Géminiani alizidiwa Ufaransa, damu yake ikapimwa, wadudu wa malaria wakaonekana, akapewa kwinini. Coppi alizidiwa Italia, na madaktari wake wakadhani ni homa ya mafua na shida ya mapafu. Inasemekana watu wa Géminiani walipiga simu kueleza walichokipata, na hawakusikilizwa.

Mwili ule uliokandwa na Cavanna kwa miaka zaidi ya 20, uliopimiwa kila kijiko cha chakula, ulizimika katika hospitali ya Tortona Januari 2, 1960. Tangu 1965 mlima mrefu kuliko yote katika kila Giro huitwa Cima Coppi, kilele cha Coppi, na pale Izoard kuna sanamu ya uso wake kwenye jiwe kando ya barabara.

Géminiani alipona. Alifariki Julai 2024, akiwa na miaka 99.