Beijerinck: Mpweke aliyefichua siri ya rutuba mizizini

MTI unaweza kufa njaa ukiwa umezingirwa na chakula. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, kirutubisho ambacho kila jani huhitaji ili kuwa kijani kibichi, lakini mmea hauna uwezo wa kuichukua moja kwa moja kutoka hewani.

Mmoja wa waliofumbua fumbo la jinsi baadhi ya miti inavyokwepa njaa hiyo ni Martinus Willem Beijerinck, mwanasayansi Mholanzi ambaye kazi yake ingali na manufaa kwa kila apandaye miti.

Beijerinck alizaliwa jijini Amsterdam mnamo Machi 16, 1851. Babake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, lakini biashara hiyo ilifilisika mwanawe angali mchanga, ikambidi mzee huyo kuwa karani katika shirika la reli.

Licha ya ufukara huo, kijana alipenda mno mimea. Alisomea kemia mjini Delft, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Leiden alikopata shahada ya uzamifu mnamo 1877. Alifunza katika shule ya kilimo mjini Wageningen hadi 1885, alipoajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft kuwa mtaalamu wa vijidudu.

Wakati huo wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakizozana. Tangu jadi wakulima walijua kwamba nafaka hustawi zinapopandwa palipokuwa na kunde au njegere, lakini hawakujua sababu. Majaribio yaliyofanywa Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1850 yalionyesha kuwa mimea haipati naitrojeni kutoka hewani. Kosa ni kwamba udongo uliotumiwa ulikuwa umechomwa, na pamoja nao viumbe waliokuwa wakiifanya kazi hiyo.

Mnamo 1886, Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walitangaza kuwa njegere hupata naitrojeni ya hewani iwapo tu mizizi yake ina vinundu, na kwamba vinundu hivyo huletwa na vijidudu wa udongoni. Swali likabaki: ni kijidudu gani?

Beijerinck ndiye aliyelijibu. Mnamo 1888 alifaulu kuwatenga bakteria hao kutoka ndani ya vinundu na kuwakuza peke yao katika maabara. Leo wanaitwa Raizobiamu. Mmea huwapa sukari na makao, nao huugeuza upepo kuwa mbolea.

Mwaka wa 1895 aliteuliwa kuwa profesa mjini Delft. Huko alistawisha mbinu ya kuwanasa vijidudu kwa kuwaandalia chakula ambacho ni aina moja tu inayoweza kukitumia. Kwa njia hiyo, mnamo 1901 alieleza kuhusu Azotobakta, bakteria anayenasa naitrojeni akiishi huru udongoni, bila kutegemea mzizi wowote.

Tumbaku, iliyomfilisi babake, nayo ilimpa mwana umaarufu mwingine. Mnamo 1898 alieleza kuwa ugonjwa wa madoadoa ya majani ya tumbaku husababishwa na kitu kinachopenya vichujio vinavyozuia bakteria, na ambacho huzaana ndani ya chembe hai pekee. Alikiita virusi.

Hata hivyo, hakuwa mtu rahisi wa kuishi naye. Wanafunzi walimwogopa kwa ukali na ulimi wake mchungu, na aliamini kuwa sayansi na ndoa havipatani. Hakuoa maishani. Aliishi na dada zake, ambao mmoja wao, Henriëtte, alimchorea picha kubwa za mimea alizotumia darasani.

Hivyo, mtu aliyeonyesha jinsi viumbe wawili wanavyonufaishana alishindwa kuwavumilia wenzake. Alistaafu mnamo 1921, akahamia Gorssel na kufariki huko Januari 1, 1931, akiwa na umri wa miaka 79.

Manufaa ya kazi yake yanaonekana misituni. Katika majaribio yaliyoanzishwa Hawaii, Marekani, miaka ya 1980, mikalitusi iliyochanganywa na mialbizia, miti ya jamii ya kunde, ilipata naitrojeni zaidi na kunenepa kuliko iliyopandwa peke yake.

Ieleweke kwamba mti wa jamii ya kunde haumgawii jirani yake chakula papo hapo. Naitrojeni nyingi humfikia mwenzake majani na mizizi inapokufa na kuoza. Kwa hivyo anayefagia na kuchoma majani hujinyima faida.

Aidha, si kila mchanganyiko unaofaa. Katika ardhi yenye naitrojeni tele, au palipo na uhaba wa maji, miti hiyo inaweza kugeuka washindani. Pia, vinundu havifanyi kazi vyema udongo unapokosa fosforasi.

Si miti ya kunde pekee iliyo na washirika. Mvinje, mti unaofahamika vyema pwani ya Kenya, hushirikiana na bakteria wa aina nyingine aitwaye Frankia, ambaye wanasayansi walifaulu kumkuza katika maabara mnamo 1978 pekee, miaka 90 baada ya ufanisi wa Beijerinck. Mivinje ndiyo iliyotangulia kuufunika kwa kijani mgodi wa mawe ya chokaa wa Bamburi, Mombasa, kuanzia 1971, mahali ambapo miti mingi ilishindwa kuota.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla ya kununua gunia la mbolea, mpanda miti ana sababu ya kung'oa mche mmoja na kutazama mizizi yake. Kinundu kikikatwa na kuonekana chekundu ndani, wafanyakazi wa Beijerinck wamo kazini, na hawadai mshahara.