Anatol Rapoport: Mtu wa kumbukumbu ya hatua moja

TORONTO. Mwanahisabati Anatol Rapoport alizaliwa Lozova, Ukraine, mwaka 1911, na mwaka 1922 akahamia Marekani. Alisomea piano mjini Vienna kabla ya kugeukia hisabati huko Chicago. Mwaka 1970, akiwa mpinzani mkubwa wa vita vya Vietnam, alihamia Canada kufundisha Chuo Kikuu cha Toronto.

Jina lake lilivuma karibu mwaka 1980 katika mashindano ya kompyuta yaliyoandaliwa na Robert Axelrod wa Marekani. Programu zilikutana mbili mbili, tena na tena, kila moja ikichagua kushirikiana au kusaliti. Ya Rapoport ilikuwa fupi kuliko zote: ilianza kwa kushirikiana, kisha ikarudia kile mwenzake alichofanya mara iliyopita. Ikashinda. Mashindano ya pili yalikuwa na programu 62, ikashinda tena.

Kukumbuka hatua moja kulitosha kumwadhibu msaliti na kumpokea anayejirekebisha. Hata hivyo, kosa moja la bahati mbaya huweza kuwatia wawili wa aina hiyo katika visasi visivyokwisha. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba kusamehe mara moja moja hukata mnyororo huo.

Rapoport, aliyesaidia kuanzisha masomo ya amani chuoni hapo, alifariki Toronto Januari 2007 akiwa na miaka 95.