MILTON HUMASON, MCHUNGA NYUMBU WA MLIMA WILSON



Kwenye ukurasa huu tumezoea maisha ya watu waliosoma sana. Safari hii nimechagua mtu aliyeacha shule akiwa na miaka karibu 14. Najua maneno yatakuwa mingi. Mwenzetu mmoja, ambaye sasa anafikiri kuacha masomo aende kuchimba dhahabu, ameisha kuniuliza: wewe kapita wa wanafunzi, unayeandika majina ya wanaochelewa kengele, utatusifia mtoro namna gani? Nimemwambia asome mpaka chini.

Milton Humason alizaliwa tarehe 19 Agosti 1891 katika Dodge Center, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani. Lakini maisha yake ni ya California. Alipokuwa kijana wa miaka kama 14, likizo moja alipelekwa kambini juu ya Mlima Wilson, karibu na mji wa Pasadena. Mlima ule ulimwingia moyoni. Aliporudi nyumbani akawaomba wazazi wamwachie mwaka mmoja tu bila shule ili akae kule juu. Wazazi wakakubali. Ule mwaka mmoja haukuisha: hakurudi darasani tena.

Kwa macho yetu Mlima Wilson si mlima wa kuogopesha. Una mita 1,742 tu. Ukipanda Marungu, kusini ya Kalemie, unapita kimo hicho, bila kutaja Karisimbi yenye mita 4,507. Sasa mbona wanaastronomia waliuchagua? Sababu ni hewa. Nyota tunaiona inametameta juu ya hewa inayocheza mbele ya macho yetu, sawa vile jiwe chini ya maji ya Lukuga linavyoonekana kutikisika wakati jiwe lenyewe limetulia. Kwenye pwani ile ya California hewa ya baridi inatoka baharini, inatulia chini pamoja na ukungu wake, na hewa ya moto inaifunika kama kifuniko cha sufuria. Kilele cha mlima kinatokea juu ya kifuniko. Kule nyota zinasimama wima, hazichezi sana. Mwaka 1904 bwana George Ellery Hale alianzisha pale nyumba ya kuchunguza jua, na mara moja akaanza kutafuta teleskopi kubwa za usiku.

Lakini barabara ilikuwa wapi? Kutoka Sierra Madre, chini ya mlima, kulikuwa na njia nyembamba ya kuzunguka-zunguka, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine shimo. Mizigo ilipandishwa na nyumbu. Ndiyo kazi aliyoipata Humason: mchunga nyumbu. Mbao, vyuma, vyakula vya wafanyakazi, vyote vilipita juu ya migongo ya wanyama wale, na yeye nyuma yao na fimbo. Sisi wa Nyunzu tunaoona wanaume wanasukuma baiskeli zenye magunia ya mahindi toka vijijini, hatuhitaji kuelezwa jasho lile. Kwa vipande vizito zaidi njia ilipanuliwa, ikatumika motokari ya namna ya pekee. Mwaka 1908 teleskopi ya kwanza kubwa ilikuwa tayari, yenye kioo cha upana wa mita 1.5. Wakati ule hakuna teleskopi ya kazi iliyoishinda.

Mwaka 1911 kijana wetu alioa Helen Dowd, binti wa enjeniere wa pale pale mlimani. Akashuka chini kutafuta maisha ya mtu mwenye jamaa. Miaka kadhaa alikuwa kapita katika shamba la ndugu zake, wakapata mtoto mwanaume, na hapo ungeweza kusema hadithi imekwisha.

Mwaka 1917 baba mkwe alimpasha habari kwamba kule juu kuna nafasi ya kazi. Nafasi gani? Ya kufagia na kutunza majengo. Fikirini: mtu wa miaka 26, mwenye mke na mtoto, aliyezoea kuamuru wengine shambani, anaitwa kushika ufagio. Wengi wetu tungekataa kwa sababu ya haya. Yeye alikubali, na mwezi Novemba mwaka ule akaanza.

Mwezi huohuo teleskopi ya pili ya Mlima Wilson ilifunguliwa macho kwa mara ya kwanza. Ningependa kukaa kidogo kwenye chombo hiki. Kioo chake kina upana wa mita 2.5 na uzito wa tani zaidi ya 4. Tajiri mmoja wa Los Angeles, John Hooker, alitoa pesa za kioo. Kiliyeyushwa Ufaransa katika kiwanda cha Saint-Gobain, na kilipofika kilionekana kimejaa mapovu ndani sawa sabuni, watu wakakata tamaa. Wakajaribu kuyeyusha vingine, havikufaa. Mwishowe wakarudi kwa kile cha mapovu, wakakisugua miaka, na ndicho kilichofanya kazi. Mwili wa teleskopi una uzito wa tani karibu 100, lakini unaelea kidogo juu ya zebaki, ndipo unaweza kugeuka polepole kufuata nyota, ukivutwa na mashine ya saa yenye uzito mkubwa unaoshuka. Mpaka mwaka 1948 hakuna teleskopi iliyoipita kwa ukubwa.

Basi mchana Humason alifagia, na usiku akaanza kuwasaidia wenye elimu: kufungua paba, kusogeza chombo, kubadilisha vioo vya picha. Hakukaa na midomo wazi. Alitazama mikono yao, akauliza. Mwanaastronomia Seth Nicholson alimfundisha hesabu. Hapa ninamwomba yule mwenzangu wa dhahabu asimame kidogo: mtu huyu alitoka shuleni, lakini masomo hayakumwacha. Yalimpandia mlimani, yakamkuta na ufagio mkononi, na hesabu ile aliyoikimbia ikabidi aisome usiku, na baridi, baada ya kazi. Kama angeisoma kwa wakati wake, sijui. Pengine asingefika mlimani. Sitaki kudanganya hapa, jambo lenyewe lina pande mbili.

Picha zake zilikuwa safi kupita za mabwana wenye diplome. Mwaka 1919 Hale alimtia katika jamii ya wanaastronomia wa kazi. Wengine walinung'unika: hana chuo kikuu, hana hata sekondari, tena ni mkwe wa enjeniere. Hale hakusikiliza.

Si kila kitu kilimwendea vizuri. Mwaka uleule wa 1919 alipewa kazi ya kutafuta sayari isiyojulikana, mbali kuliko Neptuni. Alipiga picha, akazichungua, hakuona kitu. Mwaka 1930 kijana Clyde Tombaugh, mtoto wa wakulima ambaye naye alikuwa hajaingia chuo kikuu, akaivumbua Pluto kutoka Flagstaff, Arizona. Watu wakarudi kuzitazama picha za Humason. Pluto ilikuwamo! Ilikaa pale miaka 11 bila yeye kuiona.

Tena kuna habari aliyoisimulia mwenyewe baadaye. Alikuta kwenye picha za Andromeda nukta za mwanga zinazobadilika, akaziwekea alama kwa wino, akampelekea bwana Harlow Shapley. Shapley, aliyeamini kwamba Andromeda iko ndani ya kundi letu la nyota, alimweleza kwa nini haiwezekani, kisha akatoa kitambaa mfukoni akafuta alama zile. Humason hakubisha. Angebisha namna gani, mfagiaji wa jana mbele ya daktari? Katika mwaka 1923 Edwin Hubble aliona nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, na kwa njia yake akaonyesha kwamba Andromeda ni nchi nyingine ya nyota, mbali kabisa na yetu. Jina la Hubble likaenea dunia nzima. Mimi nikisoma habari ile ya kitambaa ninasikia uchungu kuliko yote.

Lakini Hubble huyohuyo, mtu wa Oxford aliyesoma sheria na kupenda kusema kama Mwingereza, ndiye aliyekuja kumtafuta mchunga nyumbu. Mwaka 1928 alimwomba apime mbio za galaksi za mbali. Mbio zinapimwaje? Aliyesimama karibu na njia ya treni anajua: treni ikikuja mlio wake ni mwembamba, ikiisha kupita unakuwa mnene. Mwanga nao ni vile. Kitu kinachokimbia kutuacha, mwanga wake unasogea upande wa mwekundu. Unaupitisha kwenye kioo cha kuutawanya, unapiga picha ya rangi zake, unapima umesogea kadiri gani.

Shida ni kwamba mwanga wa galaksi ni hafifu sana. Kwa galaksi moja tu, inayoitwa NGC 7619, picha ilidai saa zaidi ya 30. Usiku hauna saa 30. Kwa hiyo alifanya usiku mmoja, akafunika picha, akarudi usiku wa pili, wa tatu, kila mara akiweka galaksi kwenye ufa uleule mwembamba. Usiku mzima ukaaji wake ni jicho kwenye kioo na mkono kwenye vifungo, ndani ya nyumba isiyowashwa moto, kwa sababu joto lingetikisa hewa. Akisinzia kidogo, kazi ya siku zote imeharibika. Mwaka 1929 alitangaza jibu: galaksi ile inakimbia karibu kilometa 3,800 kwa kila sekunde. Hakuna aliyewahi kupima mbio kama hizo.

Mwaka huohuo Hubble alionyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia zaidi, na mwaka 1931 wawili hao waliandika pamoja, wakiwa wamefika karibu kilometa 20,000 kwa sekunde. Hubble alitafuta umbali, Humason akapima mbio. Ulimwengu wote unapanuka: jambo hili tunalosoma leo katika fizikia, nusu ya mzigo wake ilibebwa na yeye. Teleskopi ya Palomar yenye kioo cha mita 5 ilipoanza kazi, aliendelea nayo mpaka kilometa 60,000 kwa sekunde. Mwaka 1956 yeye, Nicholas Mayall na Allan Sandage walitoa orodha kubwa. Ndani yake Humason peke yake alikuwa amepima galaksi 620.

Diplome? Mwaka 1950 chuo kikuu cha Lund, Uswidi, kilimpa udaktari wa heshima. Wanaosimulia habari zake wanasema alikuwa mtu mpole, mcheshi, anayekaa vizuri na kila mtu, tangu mabwana wakubwa mpaka wapishi. Kuanzia 1948 alikuwa pia katibu wa Mlima Wilson na Palomar, akaacha kazi mwaka 1957 kwa uzee.

Hata hivyo tarehe 1 Septemba 1961, miaka minne baada ya kustaafu, alivumbua nyota yenye mkia, kwa picha ya Palomar. Ilikuwa ya ajabu, kwa maana ilikuwa inawaka na kurusha mkia wakati ingali mbali sana na jua, mahali ambapo nyingine zinakuwa zimelala. Ikapewa jina lake. Mzee alikufa tarehe 18 Juni 1972 karibu na Mendocino, California.

Teleskopi zile mbili bado ziko juu ya mlima. Taa za Los Angeles zimeharibu giza, na kazi kubwa imehamia milima mingine. Upande wetu wa Afrika iko Sutherland, Afrika Kusini, kwenye mita karibu 1,800. Lakini usiku mwingine wageni wanaruhusiwa kuweka jicho kwenye kioo cha Humason. Kwenye mwezi kuna shimo lenye jina lake. Na ile nyota yake yenye mkia imeenda zake, iko huko gizani inarudi nyuma ya sayari zote, na safari yake moja kuzunguka jua ni ya maelfu ya miaka.